Mchezo Ulionunuliwa Mara Moja Usiuzwe Mara ya Pili

Mtu mzima apitaye katika kata ya Kalangalala, mjini Geita, wakati wa jioni, huwaona vijana wamejazana katika vibanda vya gemu, macho yao kwenye televisheni na pedi mikononi, naye hupita zake akidhani kwamba huo ni upuuzi wa kitoto usiostahili kutajwa katika gazeti la chama cha wakulima na wafanyakazi. Sisi hatudhani hivyo. Popote fedha ya mfanyakazi inapotoka mfukoni mwake ikaenda kwa mtu asiyemwona, kwa bei asiyoulizwa, kwa bidhaa asiyoweza kuishika mkononi, hapo pana jambo la siasa, hata kama bidhaa yenyewe ni kofia ya askari wa kuchora.

Jambo lenyewe ni hili. Zamani mchezo wa video uliuzwa kama kitabu. Mnunuzi alilipa mara moja, akachukua sahani yake, akacheza mpaka ukurasa wa mwisho. Siku hizi mwenye kiwanda huuza mchezo, kisha huendelea kuuza vipande vyake kwa njia ya intaneti: uwanja mpya, mchezaji mpya, silaha, nguo, sura ya mwisho ya hadithi. Vijana huviita nyongeza. Swali linalobishaniwa vibandani, na ambalo twapenda kulijibu waziwazi, ni kama biashara hiyo ni ya haki kwa mchezaji au ni mrija mwingine uliotiwa mdomoni mwa mnyonyaji.

Yafaa tuanze na mfano uliowafungua watu macho. Mwezi wa Aprili, mwaka 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza nyongeza ya mchezo wake uitwao Oblivion kwa dola 2 na nusu. Nyongeza hiyo ilikuwa deraya ya kumvalisha farasi, basi. Wachezaji walikasirika na kuifanyia mzaha, na mpaka leo deraya ya farasi ni kama methali kwao. Lakini kampuni hiyohiyo, mwaka uliofuata, iliuza nyongeza nyingine ya mchezo uleule, Shivering Isles, yenye nchi nzima mpya, watu wake na hadithi yake, kwa dola 30. Hapo kelele hazikusikika. Wengi walilipa kwa furaha. Basi haifai kusema kwamba wachezaji ni watu wa kupenda vya bure. Waliweza kutofautisha kazi na hila, nao walikuwa tayari kuilipa kazi.

Msimamo wetu wa kwanza, kwa hiyo, ni kwamba nyongeza ya kulipia si dhambi kwa sababu tu ni ya kulipia. Nyuma ya kila mchezo wapo wafanyakazi: wachoraji, waandishi, wapigaji muziki, mafundi wa kompyuta, wengi wao wakikesha kazini majuma mengi kabla ya mchezo kutoka na kuachishwa kazi baada ya kutoka. Wakikaa mwaka mwingine wakaunda sehemu mpya, kazi hiyo ina thamani yake. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipotoa The Witcher 3 mwaka 2015, iligawa nyongeza ndogondogo 16 bila malipo, kisha ikauza mbili kubwa, ya kwanza mwaka huohuo na ya pili mwaka 2016. Sisi tunaiona biashara hiyo kuwa ya halali kabisa. Anayetaka bidhaa pasipo kulipa jasho lililoitengeneza naye ni mnyonyaji, ijapokuwa mfuko wake ni mtupu.

Ubaya waanza pale nyongeza inapokuwa si nyongeza. Mwaka 2012 kampuni ya Capcom ya Japani iliuza mchezo wa ngumi, Street Fighter X Tekken. Wajuzi walipoichungulia ile sahani, wakawakuta wapiganaji 12 wamo ndani yake tayari, wamefungiwa, wakingoja kuuzwa baadaye. Mnunuzi alikuwa amekwisha wabeba hadi nyumbani kwake! Ni sawa na mtu aliyenunua baiskeli dukani, akafika kijijini akakuta breki ya nyuma imetiwa kufuli, na ufunguo anao muuzaji, ambaye anautaka ununuliwe mbali. Hakuna mtu wa Usukuma ambaye angeivumilia biashara hiyo kwa baiskeli. Sababu ya kuivumilia kwa sahani ya gemu ni moja tu, kwamba breki huonekana na vilivyo ndani ya sahani havionekani.

Mwenye kibanda wa Kalangalala ana kisa chake cha peke yake katika habari hii, ambacho wachezaji wa Ulaya hawakijui sana. Mashine yake mara nyingi imekwisha tumika kwingine kabla ya kufika Kanda ya Ziwa, na sahani zake vilevile. Biashara ya mtumba ndiyo iliyoufikisha mchezo wa video kwa mtoto wa mchimbaji. Makampuni yaliliona hilo, yakataka kulifungia mlango. Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilianza kutia ndani ya maboksi ya michezo yake namba ya siri itumikayo mara moja tu. Mnunuzi wa kwanza aliitumia, na aliyeinunua sahani kwake alikuta sehemu ya kushindana na wengine kwa intaneti imefungwa, mpaka alipe tena. Mpango huo uliachwa mwaka 2013, baada ya malalamiko mengi. Lakini fikra iliyouzaa haikufa. Mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, ulitoka Desemba 2014 na kuzimwa tarehe 31 Machi 2024. Mitambo ya kampuni ilipozimwa, sahani zilizonunuliwa kwa fedha halali ziligeuka kuwa plastiki, hata kwa yule aliyekuwa akicheza peke yake, na nyongeza zote alizozilipia zikaenda na maji. Jimbo la California limetunga sheria, inayotumika tangu mwaka 2025, ya kumlazimisha muuzaji kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni ruhusa ya kutumia tu, wala si mali yake. Sheria hiyo ni njema, ingawa ni ndogo: humwambia mtu kwamba ataibiwa, haimzuii mwizi.

Tena kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye bei. Kijana wa Geita hununua intaneti kwa vifurushi, cha siku au cha juma. Mchezo mkubwa wa siku hizi huzidi gigabaiti 100, na kila nyongeza huja na mzigo wake. Kwa mtu wa London aliyefungiwa waya nyumbani, kupakua ni kungoja tu. Kwa kijana wetu ni kulipa mara mbili, mara moja kwa mwenye mchezo na mara ya pili kwa kampuni ya simu, na bando likikatika katikati, mara ya tatu. Wanaotetea bei za nyongeza kwamba ni ndogo kama bei ya kikombe cha kahawa hawajapata kuihesabu kahawa hiyo kwa vifurushi.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo tutakalolitaja sasa, nalo ndilo hasa lililotufanya tuchukue kalamu.

Katika michezo mingi ya leo, na hasa ile ya simu ambayo watoto huipata bure, mchezaji hauziwi kitu. Huuziwa bahati ya kupata kitu. Katika mchezo wa mpira wa Electronic Arts, ulioitwa FIFA mpaka mwaka 2023 ulipobadilishwa jina, tangu 2009 pamekuwa na pakiti zilizofungwa zenye wachezaji ndani. Kijana anamtaka Mbappé. Hawezi kumnunua Mbappé huyo dukani kwa bei moja iliyoandikwa. Anauziwa pakiti, anaifungua, anakuta wachezaji asiowataka, anauziwa nyingine. Timu aliyoikusanya kwa taabu na kwa fedha haihamii katika mchezo wa mwaka unaofuata, bali huanza upya na mfuko mtupu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, mapato ya kampuni hiyo kutokana na mpango huo yalizidi dola bilioni 1.6. Katika Free Fire, mchezo wa kampuni ya Garena ya Singapore unaopendwa sana na vijana wa simu, fedha hubadilishwa kwanza kuwa almasi, almasi ambazo hazikuchimbwa Mwadui wala mahali popote, kisha almasi hizo huzungushwa katika gurudumu la bahati ili kupata nguo au bunduki.

Ile hatua ya kugeuza shilingi kuwa almasi si pambo. Mtu akilipa shilingi elfu tano anajua ametoa nini, maana anaijua bei ya unga. Akilipa almasi mia tatu hajui. Kipimo kimebadilishwa mkononi mwake, na anayekijua kipimo kipya ni muuzaji peke yake.

Wazee wa Kanda ya Ziwa wanalijua jambo hili vizuri kuliko wataalamu. Katika miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Geita, Kwimba au Shinyanga alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Manung'uniko juu ya mizani hiyo ndiyo yaliyowafanya wakulima, wakiongozwa na ndugu Paul Bomani na wenzake, kuunda vyama vyao vya ushirika, mpaka mwaka 1955 ukasimama ule ushirika mkubwa wa Victoria Federation. Wakulima hawakudai kwamba pamba isiuzwe. Walichodai ni kusoma mizani wao wenyewe.

Na kwa wale walio vijana mno kuikumbuka pamba, iko dhahabu. Kabla ya Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa hapa Geita, mchimbaji mdogo aliyetoka duarani na gramu zake chache aliangukia mikononi mwa dalali aliyepima uzito kwa mizani yake, akakisia usafi kwa jicho lake, akataja bei kwa kinywa chake. Soko lilileta mizani ya wazi, kipimo cha usafi na bei inayofuata ile ya dunia, ambayo mchimbaji anaweza kuiuliza. Madalali wengine walisema kwamba biashara itakufa. Haikufa.

Sasa mtoto wa mchimbaji huyohuyo anakaa mbele ya simu na kununua pakiti asiyojua uzito wake. Tangu mwaka 2017 serikali ya China inayalazimisha makampuni kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu katika maboksi hayo ya bahati, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo kampuni ya Apple ikaweka sharti kama hilo katika duka lake. Kwa hiyo mizani, kwa kusema, ipo. Lakini ipo wapi? Imefichwa nyuma ya kitufe kidogo, mara nyingi kwa Kiingereza, na katika pakiti za mpira yule mchezaji atafutwaye na kila mtu huandikwa kuwa na uwezekano wa chini ya asilimia 1. Je, ni mara 9 katika 1,000, au ni mara 1 katika 10,000? Hayo yote ni chini ya asilimia 1, na tofauti baina yake ndiyo mshahara wa mtu.

Nchi nyingine hazikukaa kimya. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba maboksi ya bahati ya kulipia ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza sarafu za pakiti zake nchini humo. Uholanzi nayo ilitaka kuitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaifuta, kwa hoja kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa zaidi, wala si mchezo wa bahati unaosimama peke yake. Tunaitaja hukumu hiyo kwa sababu haifai kuficha hoja ya upande wa pili. Hata hivyo hatuioni kuwa na nguvu. Mtu akiweka meza ya karata ndani ya duka la vitambaa, meza haigeuki kitambaa.

Na wachezaji wenyewe wamepata kushinda kwa umoja wao. Novemba 2017, kabla ya kutoka mchezo wa Star Wars Battlefront II, ilihesabiwa kwamba mchezaji asiyelipa fedha zaidi angehitaji kucheza kiasi cha saa 40 ili kumfungua Darth Vader, mhusika mashuhuri kupita wote. Waliokwisha lipa bei kamili ya mchezo walilipuka kwa hasira dunia nzima, na siku moja kabla ya kuuzwa rasmi, kampuni ikaondoa malipo ya ndani. Huo ulikuwa mgomo, ijapokuwa haukuitwa hivyo.

Wapo watakaotuuliza: nani aliyewalazimisha? Asiyetaka si aache? Hoja hii tuliisikia zamani, kwa maneno mengine, mkulima alipoambiwa kwamba asiyeipenda mizani na arudi na pamba yake nyumbani. Lakini tuijibu kwa haki, maana ndani yake mna chembe ya kweli. Mchezo mpya mkubwa huuzwa dola 70 katika nchi tajiri. Kijana anayeponda mawe karashani hawezi kutoa fedha hizo kwa starehe. Michezo ya simu itolewayo bure imempa kitu ambacho bei ya zamani ilimnyima, na wengi huicheza miaka kwa miaka bila kutoa senti. Wanaolipa ni wachache, nao ndio wanaowabebea wengine mzigo. Kama hao wachache wangekuwa matajiri wanaonunua kofia za dhahabu kwa majivuno, tusingepoteza wino. Tatizo ni kwamba gurudumu halimchagui tajiri. Humkamata asiyeweza kujizuia, na mara nyingi huyo ni mtoto.

Hapa Kalangalala mtoto akionekana mbele ya dubwi la pembeni mwa duka, akitumbukiza sarafu ya shilingi mia mbili, mtu mzima yeyote anaweza kumfukuza, na mtendaji wa kata akiambiwa ana sheria ya kushika. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka Bodi ya kusimamia shughuli hizo, na mwenye umri wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Gurudumu likiwa ndani ya simu ya baba yake, mtoto huyohuyo hulizungusha sebuleni, mbele ya wakubwa, na hakuna anayemwambia neno. Seuze fedha yenyewe haitoki kwa kelele ya sarafu, bali kwa namba nne za siri za pesa za simu, ambazo watoto wengi huzijua kwa sababu wao ndio wanaotumwa kutoa fedha kwa wakala.

Wala serikali haiwezi kusema kwamba makampuni haya yako mbali na mkono wake hauyafikii. Tangu Julai 2022 sheria ya fedha imewatoza wafanyabiashara wa nje wanaouza huduma kwa mtandao kodi ya asilimia 2 ya mauzo yao nchini, pamoja na utaratibu wa kuwasajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Aliyeweza kuonekana na mtoza kodi aweza kuonekana na mlinzi wa mlaji. Nchini Marekani, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games yenye mchezo wa Fortnite ilikubali kulipa dola milioni 520, na katika hizo milioni 245 ni za kuwarudishia watu waliotozwa kwa vitufe vya hila, wakiwamo wazazi ambao watoto wao walinunua bila ruhusa. Malipo ya kwanza yalianza kutoka Desemba 2024. Mtoto wa Geita hubonyeza vitufe vilevile, lakini hatujui sababu ya mzazi wake kutorudishiwa kitu.

Twaona, kwa hiyo, kwamba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha haina budi kutamka kama boksi la bahati linalolipiwa kwa fedha ni mchezo wa kubahatisha chini ya sheria yetu au sivyo. Kimya cha sasa kinamfaidi mmoja tu. Likitamkwa kuwa ndivyo, lisiuzwe kwa mtoto; likitamkwa kuwa sivyo, basi Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili pamoja na mengine imlinde mlaji, idai kwamba bei iandikwe kwa shilingi, si kwa almasi, na uwezekano uandikwe kwa Kiswahili, kwa namba kamili, mbele ya kitufe cha kulipia. Makampuni ya simu nayo, ambayo hupata ushuru wao katika kila muamala, yaweze kuufungia mkoba wa mzazi usilipie michezo mpaka mwenyewe aruhusu kila mara.

Wenye vibanda vya Kalangalala hawahitaji kungoja Bunge. Tunawashauri wakutane, kama wachimbaji wadogo walivyokutana katika vyama vyao, wakubaliane kununua kwa pamoja sahani zilizokamilika, zile zinazotolewa baada ya mwaka mmoja au miwili zikiwa na nyongeza zote ndani kwa bei moja, na kuziazimana zamu kwa zamu. Makampuni mengi huzitoa, mara nyingi kwa bei iliyo chini kuliko ile ya siku ya kwanza. Kijana atakayecheza mchezo huo miezi 18 baada ya mwenzake wa Ulaya atakuwa amelipa mara moja tu. Na mzazi atakaposoma gazeti hili leo jioni, abadilishe namba yake ya siri kabla ya kulala.